Je, wajua kwa nini rubani humwaga dawa yote injini inapozima?

Aliyekulia kando ya mashamba ya ngano na shayiri ya Njoro au Mau Narok, kaunti ya Nakuru, anaijua ile ndege ndogo ya kunyunyizia dawa. Inapita chini chini, magurudumu yakikaribia kugusa masuke, kisha inainuka ghafla mwisho wa shamba na kugeuka. Sasa, injini ikizima hapo, mita 3 tu juu ya ngano, rubani anafanya nini?

Anavuta mkono wa kumwaga dawa, palepale, huku akiinua pua ya ndege.

Sababu ni uzito. Cessna Ag Truck, kwa mfano, ikiwa tupu ina karibu tani moja, na tangi lake la dawa, lililo mbele ya rubani, huchukua lita 1,060 hivi. Likijaa, ni kama ndege imebeba ndege mwenzake. Mbawa zilizolemewa hivyo zinadai kasi kubwa ili zisiache ndege ianguke. Mlango wa chini ya tangi ukifunguliwa, dawa yote huisha kwa sekunde chache, na ile kasi ya chini kabisa ya kubaki hewani hupungua kwa karibu robo. Robo unaweza kuidharau, ila nguvu ya mgongano hufuata mraba wa kasi. Ongeza na uzito uliotoka: ndege inagusa shamba ikiwa na kama thuluthi tu ya nguvu ambayo ingekuja nayo.

Na kuinua pua? Hapo anabadilisha kasi kuwa kimo. Kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 125, hesabu ya darasani inampa kama mita 95, kabla hewa haijakata chake. Toka hapo hadi chini ni kama sekunde 20. Kurudi uwanjani hakupo. Anatua mbele yake, ikiwezekana kwa kufuata matuta badala ya kuyakata, maana kugeuka huku kasi imeisha na bawa limeinama ndiko kunakoua marubani wengi kuliko shamba lenyewe lingewaua.

Injini huzima kwa mambo ambayo mtu wa boda boda angeyatambua: mafuta kuisha, au maji kuingia kwenye mafuta. Tangi la mafuta lililolala nusu kwenye baridi ya usiku hutoa jasho kwa ndani, na maji, kwa kuwa ni mazito, hukaa chini. Ndiyo maana asubuhi utamwona rubani akikinga mafuta kidogo kwenye chupa na kuyatazama kwenye mwanga. Lakini kinachonishangaza mimi ni barafu. Kwa ndege zenye kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, mafuta yakigeuka mvuke humo ndani, joto laweza kushuka nyuzi 20 au zaidi, hivyo siku yenye unyevu, hata isiyo na baridi, koo la kabureta huziba kwa barafu. Kuna mkono wa kuingiza hewa moto, ila huchukua muda kufanya kazi, na mita 3 hazina muda.

Nakuru ina deni lake la ziada. Njoro iko juu ya mita 2,100, na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake ikilinganishwa na pwani, hata ikiwa nzima kabisa. Mbawa nazo huteleza kwenye hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo ndege hutua kwa kasi iliyozidi ya Mombasa kwa takriban asilimia 10. Mau Narok huzidi zaidi.

Rubani akishuka salama, inabaki habari ya mwenye shamba. Dawa iliyopimwa kwa ekari nyingi imemwagika kwenye ukanda mmoja mwembamba, na kama ilikuwa ya kuua magugu, ngano ya hapo huenda ikageuka njano kabla ya wenzake kukomaa.