Methani katika ardhioevu za Bahi: hesabu siku za maji, si milimita za mvua

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na wastani wa mwaka hauzidi sana milimita 600. Lakini Mto Bubu huleta Bahi, mkoani humo, maji ya mbali, na udongo mweusi wa mbuga, ukishalowa, huyapitisha kwa shida mno. Ndiyo maana kipimo cha mvua peke yake hakitabiri methani, gesi inayohifadhi joto angani.

Maji yakifunika udongo, oksijeni huisha upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Badala yake vijidudu hutumia nitrati, kisha manganizi, chuma na salfeti. Vitu hivyo vikipungua ndipo vijidudu vinavyotengeneza methani hushika kazi, baada ya siku kadhaa au hata wiki. Kwa hiyo mafuriko ya siku mbili hutoa gesi kidogo. Maji yaliyotuama mwezi mzima juu ya majani na samadi hutoa nyingi. Udongo ukipata joto zaidi kwa nyuzi 10, uzalishaji waweza kuongezeka mara mbili hadi nne.

Gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kupitia mashina ya matete na mpunga, au kwa kupenya maji polepole, na huko njiani vijidudu vingine huila. Mapovu hayasubiri kuliwa. Kina cha maji kikishuka, au mgandamizo wa hewa ukipungua, hufumuka kwa wingi, hivyo maji yanapoanza kupwa si wakati wa kuacha kupima. Na mpimaji akikanyaga tope kando ya chombo chake cha kunasia gesi, atapima mapovu aliyoyafukuza mwenyewe.

Ili kupunguza methani kwenye majaruba ya mpunga, yakaushe kwa vipindi: chimbia bomba la plastiki la sentimita 30 lenye matundu: 20 chini, 10 juu, kisha toa udongo wa ndani. Wiki moja au mbili baada ya kupandikiza, acha maji yanayoonekana ndani ya bomba yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo umwagilie tena hadi kina cha sentimita 5. Usikaushe kuanzia wiki moja kabla ya mpunga kuchanua hadi wiki moja baadaye. Ukikausha, punje zitakuwa pepe. Usiweke urea jaruba likikaribia kukauka, kwani nitrojeni hupotea, nyingine ikiwa oksidi ya nitrasi, gesi inayohifadhi joto zaidi kuliko methani. Penye magadi au chumvi nyeupe juu ya udongo, njia hii haifai: kukausha huipandisha chumvi kwenye mizizi.