Mshauri Hamtafutii Mteja Maana ya Dhiki Yake

"Kwa nini mimi?" Swali hili sisi washauri nasaha tunaulizwa karibu kila wiki, na jibu lake hatuna. Anayeuliza huwa ameshapewa majibu tele kabla ya kufika kwetu: jikaze, ndivyo ilivyoandikwa, wenzako yamewakuta makubwa zaidi. Maneno hayo mara nyingi humpa nafuu aliyeyasema.

Kikao cha kwanza kwa kawaida hakigusi maana hata kidogo. Tunauliza kama mteja analala, kama chakula kinapita, kama amewaza kujidhuru. Tena zipo dhiki zisizohitaji kutafutiwa maana. Anayepigwa nyumbani anahitaji mahali salama, basi. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna aliyefundisha kwamba mtu anaweza kupata maana hata katika mateso, alipitia kambi nne za Wanazi kati ya 1942 na 1945, akapoteza wazazi, kaka na mke. Hata yeye alishikilia kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe kwanza.

Frankl alisimulia habari za daktari mzee aliyelemewa na msiba wa mkewe. Alimuuliza: je, ungetangulia wewe, mkeo angekuwaje? Angeteseka sana, mzee akasema. Frankl akamwonyesha kwamba mateso hayo mkewe ameepushwa nayo, na anayeyabeba kwa niaba yake ni yeye. Mzee akampa mkono, akaondoka kimya. Wanaoipenda hadithi hii husahau jambo moja: mke alikuwa amefariki miaka 2 nyuma. Swali hilohilo, ukimuuliza mtu wiki ya mazishi, ni ukatili.

Tuseme amekuja mama aliyefiwa na mwanawe. Anasema maisha yake yamekwisha. Simbishii. Namwomba anisimulie mtoto mwenyewe: alicheka vipi, alikuwa mkaidi kwa mambo gani. Anatoa daftari kwenye mkoba, ananionyesha mwandiko uliopinda kwa sababu kijana alikuwa akiandika kwa haraka ili akacheze. Hapo anatabasamu, kisha analia, na vyote viwili ni kazi ya siku hiyo. Vikao kadhaa baadaye namuuliza ni kitu gani cha mwanawe asingependa kipotee. Akisema ni ule utundu wake wa kuuliza maswali, tunaanza kuangalia utundu huo utaishi wapi sasa. Jibu liwe lake. Likitoka kinywani mwangu, ataliacha mlangoni.

Wengine kusema kunawashinda, kuandika hapana. Mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani, katika utafiti wa 1986, aliwataka wanafunzi waandike yaliyowaumiza kwa dakika 15, siku 4 mfululizo, bila kujali tahajia. Wengi walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku hiyohiyo, kwa hiyo zoezi hili halifai msiba ukiwa mbichi. Katika uchambuzi wa baadaye ilionekana kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao, siku hadi siku, yalizidi kubeba maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa". Walianza na vipande, wakamaliza na kisa.

Wapo pia waliofiwa ambao hawajawahi kuitafuta maana, na wanaendelea vizuri tu. Hao hatuwasukumi.