Kuwasilisha sasisho la kifurushi: maana yake na kazi iliyomo

Wengi wetu hapa Nairobi tunaotumia mifumo endeshi ya Debian au Ubuntu tunalijua sasisho kwa upande mmoja tu: unaandika amri ya apt, ile inayosakinisha na kusasisha vifurushi (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa), bando linapungua, programu inabadilika. Upande wa pili yuko mtu aliyelileta. Kuwasilisha sasisho la kifurushi ndiyo kazi ya mtu huyo. Anachukua toleo jipya la programu kutoka kwa walioiandika, analifunga kwa kanuni za mfumo endeshi, analijaribu, kisha analikabidhi kwa mradi unaotengeneza mfumo huo, kwa jina lake. Akishasaini, amebeba dhamana mbele ya watu asiowajua.

Walioandika programu kwa kawaida hawashiriki hatua hii. Wao hutoa msimbo chanzo, na mzigo unaobaki ni wa mtunza kifurushi. Nambari ya toleo yenyewe inaonyesha mgawanyo huo. Ukiona 2.4.1-3, sehemu iliyo kabla ya kistari ni ya waandishi. Ile 3 ni hesabu ya Debian, kwamba msimbo huohuo umefungwa mara ya tatu. Waandishi wakitoa 2.4.2, Debian inaanza upya: 2.4.2-1.

Kubadilisha nambari ni kazi ya dakika moja. Kinachokula muda ni maswali. Leseni imebaki ile ile? Viraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo ambayo Debian huongeza, bado vinashika? Na kama ni maktaba, yaani msimbo wa pamoja unaotegemewa na programu nyingine, je, hizo zitaendelea kufanya kazi? Kisha kifurushi hujengwa katika mfumo mtupu, usio na kitu ila mambo ya msingi na yale ambayo kifurushi kimetaja kuwa kinayahitaji. Kwenye laptopu yako kinaweza kujengeka bila tatizo kwa sababu uliwahi kusakinisha maktaba fulani ukasahau. Kwenye mfumo mtupu kitakwama, na hapo utajua orodha yako ya mahitaji ina pengo.

Mabadiliko yote huandikwa katika faili iitwayo debian/changelog, ambayo mimi naithamini kuliko sehemu nyingine zote za kazi hii. Juu huwa na jina la kifurushi, toleo, tawi la Debian linalolengwa (unstable hupokea mambo mapya kwanza, testing hufuata, stable ndilo lililotulia) na kiwango cha uharaka. Katikati ni mistari inayoanza kwa nyota, ikieleza kilichobadilika. Ukiandika Closes na nambari ya ripoti ya hitilafu, ripoti hiyo itafungwa yenyewe kifurushi kikipokelewa. Chini ni jina lako, baruapepe, tarehe na saa, na kwa aliye Nairobi saa hiyo huishia na +0300. Atakayetaka kujua baada ya miaka mingi nani aligusa nini, ataanzia hapo.

Si lazima uwe mwanachama wa mradi. Hata mwanafunzi pale Chiromo anaweza kuandaa sasisho, ila atahitaji mdhamini: mwanachama mwenye haki ya kupakia, atakayekagua kazi na kuisaini kwa ufunguo wake wa kidijitali. Kazi inaweza kurudishwa mara kadhaa, na anayerudishiwa asidhani amedharauliwa. Sababu ni kwamba kifurushi kinaposakinishwa, hati zake za amri (scripts) huendeshwa kwa mamlaka yote ya mashine.

Kisa cha xz kinaonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu hiyo ya kubana data yalikuwa na mlango wa siri. Alianza kushuku alipoona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Sehemu ya hila hiyo ilikuwa ndani ya faili za toleo zilizofungwa tayari kwa kupakuliwa, wala haikuwamo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu angeisoma. Tena kulikuwa na mtu aliyefungua ripoti akiihimiza Debian ichukue 5.6.1. Toleo hilo lilikuwa limefika unstable na testing, lakini si stable. Kwa kuwa nambari za toleo hazirudi nyuma, msimbo wa zamani ulirudishwa kwa jina hili: 5.6.1+really5.4.5-1.

Kwa hiyo ule muda wa kusubiri una kazi yake. Sasisho huingia unstable kwanza, likakaa huko siku 2, 5 au 10 kutegemea uharaka uliotajwa, na likionekana halijaharibu kitu huhamia testing. Stable haipewi matoleo mapya hivi hivi. Inapopatikana hitilafu ya usalama, mara nyingi kinachowasilishwa ni kiraka kidogo juu ya toleo lilelile la zamani. Julai 2024 hitilafu kubwa ilipotangazwa katika OpenSSH, programu inayotoa huduma ya SSH, waandishi waliirekebisha katika 9.8p1, lakini watumiaji wa Debian 12 walibaki na 9.2p1, ikiwa imerekebishwa, kwa nambari 1:9.2p1-2+deb12u3. Mkaguzi akija ofisini na ripoti kwamba sava yenu ina OpenSSH ya zamani, mwonyeshe hiyo deb12u3 kabla hamjaanza kubishana.