Si kweli kwamba wosia usio na wakili ni batili

Kuna ujumbe unaozungushwa kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: eti nchini Kenya, wosia usioandikwa na wakili na kugongwa muhuri ni karatasi tupu. Si kweli.

Soma mwenyewe kifungu cha 11 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Inapatikana bure mtandaoni. Hakuna wakili wala muhuri humo. Kinachotakiwa ni mwenye wosia atie sahihi au alama yake, na mashahidi wasiopungua wawili waliomwona akisaini, au aliowakiria kwamba sahihi ni yake, wasaini mbele yake. Hata karatasi ya daftari la shule yatosha.

Wosia nyingi huharibikia kwa mashahidi. Mama anamwachia kitindamimba shamba, kisha kitindamimba huyohuyo anasaini kama shahidi wa pili. Kwa kifungu cha 13, shamba hilo halimfikii kupitia wosia huo, ila kama wapo mashahidi wengine wawili wasionufaika.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani hati za kiapo tulizozoea hugongwa muhuri. Na wakili ana faida yake, hasa mali ikiwa nyingi au familia ikiwa na mivutano. Waislamu nao hufuata sheria ya Kiislamu.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Wapo wazee wanaoahirisha kuandika kwa sababu tu hawana ada ya wakili.