Homa, Mbu na Duka la Dawa: Maswali Tunayoulizwa Zahanati

Nahudumu katika zahanati moja jijini Mwanza, na maswali haya kuhusu dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ndiyo ambayo wagonjwa na ndugu zao huniuliza, hasa mvua zinapoanza.

Mbu anaenezaje virusi?

Mbu jike pekee ndiye anayenyonya damu, kwa kuwa anaihitaji ili mayai yake yakomae. Akimuuma mtu mwenye virusi vya dengue, virusi hivyo huingia tumboni mwake, huzaliana humo, na baada ya siku 8 hadi 12 hivi huwa vimefika kwenye tezi za mate. Tangu hapo anaweza kumwambukiza kila anayemuuma, mpaka siku atakapokufa. Virusi vya UKIMWI haviwezi kuzaliana ndani ya mbu, kwa hiyo mbu haenezi UKIMWI.

Je, ni mbu yuleyule wa malaria?

Hapana. Mbu wa malaria, aina ya Anopheles, huuma usiku. Dengue, chikungunya na zika huenezwa hasa na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoadoa meupe mwilini na miguuni, ambaye huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Wala magonjwa haya si ya kigeni kwetu. Virusi vya zika viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu hili, na chikungunya ni neno la Kimakonde linaloeleza jinsi mgonjwa anavyopindika kwa maumivu ya viungo. Dengue ilizuka kwa nguvu Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na mabasi kati ya huko na huku hayalali.

Na wale wadudu wanaopanda kama moshi juu ya ziwa?

Hao hawaumi na hawaenezi dengue.

Nikipata homa, si ninunue kwanza dawa ya malaria nione itakuwaje?

Hapana. Kapime kwanza. Nalisema hili kwa heshima, lakini nimechoka kulisema kwa watu waliokwisha kuchelewa. Mgonjwa hufika siku ya tano akiwa na vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi, dawa mseto na diklofenaki pamoja, naye hajatobolewa kidole hata mara moja. Dawa ya malaria haiui virusi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini humwongezea mgonjwa wa dengue hatari ya kuvuja damu, na sindano ya maumivu ya kuchomwa dukani ni hatari hiyohiyo. Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo sahihi, kunywa maji kwa wingi, kisha uende ukapime siku hiyohiyo.

Kipimo kimeonyesha sina malaria. Je, ninywe dawa za malaria kwa tahadhari?

Hapana, tena hapana. Majibu hayo yanamaanisha kwamba homa yako ina chanzo kingine ambacho hakijatafutwa, kwa hiyo mwambie mhudumu aendelee kuchunguza. Mweleze kama macho yanauma kwa nyuma, kama umetokwa na vipele, na kama umesafiri karibuni.

Homa imeshuka. Nimepona?

Hapo ndipo ninapoomba mtu asikilize kuliko mahali pengine popote. Katika dengue, hatari mara nyingi huanza homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mchuuzi mmoja wa dagaa aliniambia kwamba homa imekwisha na kilichobaki ni uchovu tu. Nilipomwomba afungue kinywa, fizi zake zilikuwa zikitoa damu, na viganja vyake vilikuwa vya baridi. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, kutoka damu puani au kwenye fizi, kupumua haraka, kulegea au kuhangaika: ukiona hata dalili moja, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usisubiri kukuche. Usipitie dukani.

Mbona nasafisha uwanja na kufyeka nyasi, na mbu bado wapo?

Kwa sababu Aedes hataki majani, anataka maji yaliyotuama, na yale tunayoyaona masafi humfaa sana. Chungulia ndani ya pipa ambalo mfuniko wake haufuniki vizuri, na utaona viluwiluwi vikijipindapinda kushuka chini kivuli chako kinapopita. Tairi kuukuu nje ya gereji, ndoo iliyosahaulika, kifuu, hata kishimo juu ya majabali yetu ya Mwanza, vyote vinamtosha. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, maana mayai hunata kwenye ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Sugua kuta kwa brashi mara moja kila wiki, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, kisha ufunike chombo pasibaki upenyo.

Mgonjwa akiwa nyumbani, sisi wengine tufanyeje?

Alale ndani ya chandarua mchana kutwa katika wiki ya kwanza ya homa. Familia nyingi humtandikia mkeka kibarazani ili apate upepo wa ziwa, na mbu wa mchana humuuma hapo, kisha akawapelekea virusi watoto wanaocheza jirani naye.