Ukitoka Kuzamia, Usikimbilie Treni ya Nairobi: Maswali na Majibu

Msimu wa kaskazi bahari ya Mombasa hutulia, maji yakawa safi, na boti za wazamiaji hutoka Nyali, Bamburi na Diani karibu kila asubuhi. Zamani waliovaa mitungi ya hewa walikuwa wageni tu. Sasa wamo vijana wetu wa Kisauni na Likoni, na wapo wanaojiwekea akiba waende kuzamia Bahari ya Shamu, kule Misri. Haya ni maswali wanayouliza zaidi. Utaona jibu moja linajirudia kwa sura mbalimbali: hatari kubwa ya kuzamia haiko chini, iko katika kupanda.

Nimezamia Nyali Jumapili asubuhi, na alasiri nashika treni Miritini nirudi kazini Nairobi. Sipandi ndege. Kuna ubaya gani?

Upo, na wengi hawaambiwi.

Hewa ya mtungini ni hii hii tunayovuta hapa juu, na sehemu yake kubwa, karibu asilimia 78, ni naitrojeni. Nchi kavu mwili hauna habari nayo. Lakini kila unaposhuka mita 10 za maji, shinikizo huongezeka kwa kiasi kile kile cha hewa yote iliyo juu yetu ufukweni. Ukiwa mita 20 unavuta hewa yenye shinikizo mara tatu ya kawaida, na naitrojeni huyeyuka na kuingia katika damu, mafuta na viungo. Haina madhara ikibaki imeyeyuka. Shida huja shinikizo likipungua haraka: inafanya kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, inatoa mapovu. Mapovu hayo yakitokea kwenye maungio ya mifupa, mishipa ya fahamu au uti wa mgongo, huo ndio ugonjwa wa wazamiaji.

Ndiyo maana hufundishwa kupanda taratibu, si zaidi ya mita 9 au 10 kwa dakika, na kutulia dakika 3 hadi 5 ukiwa mita 5 kabla ya kutokeza. Hata hivyo naitrojeni haiishi siku hiyo hiyo. Inatoka kidogo kidogo kwa pumzi, saa baada ya saa.

Sasa tazama safari yako. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ndani ya ndege ya abiria hewa huwekwa iwe kama ya mlima usiozidi mita 2,400 hivi. Kwa hiyo Nairobi imo mle mle katika kiwango ambacho mzamiaji huambiwa akikwepe, na mwili hautofautishi ndege, basi wala treni. Ukiendelea hadi Limuru, umezidi mita 2,000.

Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, ni huu: ukizamia mara moja tu, ngoja angalau saa 12 kabla ya kupanda juu, ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo, angalau saa 18, na ukizamia kwa namna iliyokulazimu kusimama njiani wakati wa kupanda (si kule kutulia kwa kawaida kwa dakika 3 hadi 5), ngoja zaidi ya hapo. Mimi humwambia kila anayeniuliza ahesabu siku nzima, basi. Zamia Jumamosi, Jumapili tembea Mji wa Kale, kula mahamri na mbaazi, Jumatatu safiri. Kama lazima uripoti kazini Jumatatu asubuhi, Jumapili usiguse mtungi.

Nitajuaje kama nimepatwa?

Kinachonisikitisha ni jinsi ugonjwa huu unavyojificha. Mtu amekaa kwenye ubao wa boti, anajisugua bega, anasema mtungi umemkaza. Jioni bega bado linauma, maumivu ya ndani kabisa yasiyobadilika hata akiugeuza mkono. Anakandwa mafuta, anameza dawa ya maumivu, analala. Asubuhi vidole vina ganzi.

Dalili nyingi huanza katika saa chache baada ya kutoka majini, nyingine huchelewa hadi siku nzima: maumivu ya bega, kiwiko au goti, ganzi na mwasho, mabaka ya ngozi yenye rangi ya zambarau, uchovu usio na kiasi, kizunguzungu, miguu kukosa nguvu, mkojo kugoma. Hizi mbili za mwisho ni za hatari sana, kwa sababu uti wa mgongo unaguswa.

Mlaze chali. Mpe oksijeni safi kwa barakoa; boti yoyote ya maana inatakiwa kuwa na mtungi wa oksijeni, na una haki ya kuomba uonyeshwe kabla ya kuondoka. Kama yu macho na anameza vizuri, mpe maji. Usimkande, na kamwe asirudishwe majini eti mapovu yayeyuke tena. Akipata nafuu kwa oksijeni bado apelekwe hospitali, maana nafuu hiyo inaweza kuisha.

Masikio yananiuma nikifika mita tatu tu. Nivumilie?

La. Maumivu ni onyo kwamba ngoma ya sikio inasukumwa ndani. Katika mita 10 za kwanza shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu, ndiyo maana unaumia mapema. Bana pua, puliza kwa upole, na anza kufanya hivyo kabla maumivu hayajaja. Shuka miguu ikitangulia, ukishika kamba. Likikataa, panda mita moja ujaribu tena. Likikataa kabisa, siku yako imeisha, rudi botini. Ukiwa na mafua usizamie hata kidogo. Dawa ya kufungua pua inaweza kukuishia ukiwa chini, hewa ikakosa njia ya kutoka unapopanda.

Nimepata safari ya wiki moja Marsa Alam, Misri. Mombasa nimezoea boti. Huko nasikia watu huingia kwa miguu kutoka ufukweni. Nijitayarishe vipi?

Hongera. Pwani ile ni jangwa linaloishia baharini. Hakuna mito ya kumwaga tope, maji kupwa na kujaa hayafiki hata mita moja, na mwamba wa matumbawe uko hatua chache kutoka hotelini. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mwamba uko mbali, ndiyo maana tunategemea boti.

Kazi ya kwanza ni kubeba. Utavaa nguo nzito ya mpira juani, kisha utembee na mzigo unaozidi kilo 20 juu ya mawe au gati. Moyo unafanya kazi kubwa kabla hujalowa. Mwenye presha au aliyezidi miaka 45 amwone daktari kabla ya safari. Vaa viatu vya mpira, ingia polepole, na ukihema sana kaa kitako kwanza.

Kazi ya pili ni maji ya kunywa. Mombasa jasho linakutiririka, unajua umelowa. Jangwani hewa kavu hulinyakua kabla hujaliona, ukadhani hujatoka jasho. Angalia mkojo: ukiwa wa manjano iliyokolea, umechelewa kunywa.

Halafu chumvi. Bahari ya Shamu ina karibu gramu 40 kwa lita, kwetu ni kama 35, kwa hiyo utaelea zaidi na utahitaji vizito vya risasi vya ziada kiunoni. Zipime siku ya kwanza na mwalimu wako, kwa sababu anayepungukiwa na uzito hunyanyuliwa na maji mwishoni mtungi ukiwa mwepesi, akapanda haraka asipende. Januari na Februari maji huko huwa nyuzi 22 hivi, na sisi tumezoea 27 au 28; omba nguo nene.

Kubwa kuliko yote ni wepesi wenyewe. Mwamba ukiwa mlangoni, mtu huzamia asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku, na naitrojeni inajilimbikiza. Mbili au tatu kwa siku zatosha, na siku ya mwisho kabla ya ndege iwe ya kupumzika.

Je, nizamie nikiwa nimefunga Ramadhani?

Kwa upande wa afya, siku hiyo pumzika. Mwili uliokauka husukuma damu kwa shida, na damu ndiyo inayoibeba naitrojeni kuitoa. Ukizamia usiku baada ya kufuturu, kunywa maji ya kutosha kwanza, na usijaze tumbo.

Babu yangu alizamia pweza maisha yake yote bila mtungi. Mbona hakuugua?

Babu alishuka na pumzi moja tu ya kifua chake, hivyo naitrojeni iliyoingia ilikuwa kidogo mno. Hatari yake ilikuwa nyingine: kuzimia karibu na uso wa maji kwa kuishiwa oksijeni. Anayezamia kwa pumzi kama yeye asizamie peke yake. Na wewe wa mtungi usiige pumzi ya babu. Ukizuia pumzi huku unapanda, hewa kifuani hutanuka na kupasua mapafu, hata katika mita chache.

Nani asizamie kabisa?

Mjamzito. Mwenye pumu inayomsumbua, kifafa, au aliyewahi kupasuka pafu. Mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo aamuliwe na daktari, si na mwenye boti.

Nikifika hospitali niseme nini?

Daktari wa zamu huona malaria kutwa nzima, na uchovu na maumivu ya viungo humpeleka huko upesi. Kwa hiyo sema mwanzo kabisa: “Nimezamia kwa mtungi.” Taja saa uliyotoka majini, kina ulichofika, umezamia mara ngapi, kama ulipanda haraka, na dalili zilianza lini. Kama una kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, mvulie aione. Omba oksijeni iendelee, na uulize kuhusu chumba cha shinikizo, yaani chumba kinachofungwa na kuongezwa shinikizo la hewa, kwa sababu hiyo ndiyo tiba. Mwalimu wako anatakiwa kujua kilicho karibu kiko wapi na nani wa kumpigia simu. Muulize kabla hujalipa, na hakikisha bima yako inagharimia matibabu hayo.