Msinichagulie wenye Kiswahili chao

Simu iliingia wiki iliyopita nikiwa stendi ya Masasi, nasubiri gari la Nachingwea. Mkuu wa shule iliyonialika kufundisha wanafunzi uandishi bunifu, sauti ya mtu aliyekamilisha kazi: "Dada, wasiwasi ondoa. Nimeshakuchagulia kumi na watano wenye Kiswahili chao. Wale wengine tumewaacha darasani wasikusumbue." Hii sasa ni shule ya saba. Nikamshukuru, nikanunua ming'oko, ile mizizi ya porini, ya mia tano na pilipili yake, nikaila kwa hasira.

Basi naandika hapa, nipate kitu cha kuwatumia watu kabla hawajanichagulia.

Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu itangaze washindi wake wa kwanza Aprili 2023, shule za huku kwetu zimeanza kutuita sisi waandishi tuje tukae na wanafunzi. Jambo jema, sina neno. Shida ni nani ninayemkuta kwenye dawati. "Wenye Kiswahili chao" ni wale wa A, wasoma taarifa paredi, wanaomwaga nahau kama karanga. Nawapa karatasi. Dakika ishirini baadaye narudishiwa hivi: "Ilikuwa siku ya Ijumaa, majira ya asubuhi, jua lilikuwa likichomoza kwa madaha huku ndege wakiimba nyimbo nzuri za kumsifu Muumba." Karatasi kumi na tano, na kwenye kumi na moja ndege wanaimba. Niliwahi kuuliza: ndege gani hao? Kunguru? Njiwa? Kimya. Binti mmoja akanyoosha mkono, kwa adabu zote: "Madam, ni wale wa kwenye insha."

Alijibu sahihi kuliko alivyodhani. Huyo mtoto hana kosa. Amefundishwa miaka kumi kwamba sentensi nzuri ni ile iliyokwisha kupikwa na mtu mwingine, na kila alipoipakua alipewa vema. Kujua lugha na kuandika ni fundi wawili tofauti. Wanaazimana vyombo, lakini kazi si moja. Wa kwanza anajua msamiati upi unafaa. Wa pili anatazama kitu mpaka kinamlazimisha kutafuta neno, na mara nyingi neno lenyewe ni jepesi kuliko alilokariri. Mwanafunzi wa A ana ghala limejaa, haoni sababu ya kwenda shamba. Kwa hiyo saa yangu ya kwanza naye yote inaishia kwenye kufuta.

Wala msinigeuzie maneno. Kiswahili kibovu si dalili ya kipaji. Wengi wa alama thelathini wananirudishia karatasi nyeupe, au mistari minne kuhusu Simba na Yanga. Ninachosema ni kwamba cheti cha muhula hakiniambii lolote kwa kazi hii, si juu wala chini. Na habari ya kipaji tuiache kabisa: Kenneth Koch, mshairi, aliingia shule ya msingi ya kawaida kule New York mwishoni mwa miaka ya 1960, akafundisha madarasa mazima kutunga mashairi bila kuuliza nani anacho na nani hana. Watoto wakatunga.

Nawaonyesha kitu. Mwezi wa sita, shule moja ya Tandahimba. Vipindi viwili, dakika themanini. Zoezi lilikuwa: mtu wa kwenu anarudi nyumbani jioni, andika anavyoingia. Kijana mmoja hakuwa kwenye orodha. Alileta viti, akakaa nyuma asifukuzwe. Aliandika hivi, nimesahihisha herufi tu:

"Baba akitoka kupuliza salfa hapiti mlango wa mbele. Anakaa kwenye kinu nyuma ya nyumba. Nyusi zake za manjano. Mdogo wangu analia anasema huyo si baba. Mama anasema mwache kwanza anawe."

Mwalimu wake wa Kiswahili akasoma begani kwangu. "Nzuri. Lakini methali iko wapi?"

Mwalimu huyo ni mtu mwema, alinikaribisha wali kwake. Lakini jioni ile nilitembea mpaka barabarani naongea peke yangu. Methali ya nini pale? Mtoto anakataa kumtambua baba yake kwa sababu ya salfa, lile vumbi la manjano la dawa ya mikorosho! Na binti wa mbele, mwenye A yake, alikuwa ameandika bibi karudi na "viazi" toka porini. Porini kuna viazi? Ilikuwa ming'oko. Aliijua, ila alidhani neno hilo si sanifu, haliruhusiwi kuingia kwenye daftari.

Sasa upande wangu. Kijana yule nilimsifu mbele ya wote, nikaisoma kazi yake mara mbili. Siku ya tatu nikakusanya kazi mpya: nyusi za manjano tisa. Mama ntilie mmoja naye ana nyusi za manjano. Nilitoa ndege, nikaingiza salfa. Koch naye alikosolewa hivyohivyo, kwamba watoto wanafuata kanuni yake, na sina jibu zuri la kumtetea wala la kujitetea. Pengine nilichofundisha siku zile tatu ni ladha yangu mimi tu, mtu wa mjini Mtwara ninayeona shamba la mikorosho kupitia dirisha la basi.

Na kuna lile swali la mwalimu mwenye wali, ambalo aliniuliza wakati nanawa: "Dada, ukiondoka, mtihani wa kidato cha nne anasahihisha nani?" Anajua anachouliza. Mimi nawaambia wakate utangulizi, msahihishaji anautafuta utangulizi. Nilimwambia wawe na daftari mbili. Alinitazama. Daftari moja lenyewe wengine hawana.

Mkuu wa Nachingwea nilimpigia tena jana. Nimeomba mkondo B mzima, wote, pamoja na wabeba viti. Kasema darasa lina watu themanini na mmoja, atanijibu Jumatatu. Habari ya salfa safari hii sitaigusa.